Chupa Tano Nilizojaza Nyumba Moja

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo. Nitasoma kutoka kwenye daftari langu, maana nikiinua macho nikaona mlivyo wengi nitakaa chini. Majina sitataja hata moja.

Nina dada. Kwetu ni wa kwanza kuvuka digrii ya kwanza. Anasoma uzamili wa mikrobiolojia ya tiba, yaani vijidudu vinavyoleta magonjwa. Anaviotesha kwenye visahani maabara, anavitazama kwa hadubini, anajaribu dawa gani inaviua. Mama yetu hapa Iringa huwaambia wenzake sokoni, "Mwanangu anasomea wadudu," nao wanamuuliza dawa ya viwavi vya mahindi.

Utafiti wake ulikuwa wa maziwa, kule Rujewa. Alikuwa anatafuta bakteria anayetoka kwa ng'ombe na kumpa mtu homa ya kuja na kuondoka, homa ambayo watu wanaimezea dawa ya malaria na haiishi. Kila nyumba ya mfugaji ilitoa chupa moja ya maziwa, yenye namba yake, na fomu ya kukubali yenye saini ya mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, akanichukua nimsaidie. Tulilala kwa shangazi.

Wiki nzima tulizunguka pamoja. Yeye anapiga hodi, anaongea, anataniana na watu. Mimi naandika namba. Kazi hiyo niliipenda, maana hakuna aliyenisemesha.

Halafu siku moja ikabidi apeleke chupa Mbeya zingali za baridi. Akaniambia, "Mdogo wangu, zimebaki nyumba sita. Kesho asubuhi wakati wa kukamua uzimalizie, mimi nitakuwa maabara. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Ningesema naogopa, angepanga vingine. Hilo ndilo kosa la kwanza, na watu huwa hawalihesabu.

Asubuhi nikaanza na bibi mmoja mjane, jirani wa shangazi. Alinijua, akanijazia chupa, akasaini. Nyumba ya pili nikakuta vijana wanne zizini. Hodi ikanikwama kooni. Mmoja akaniona nimesimama na glovu zangu.

"Oya, daktari wa maziwa kaja! Unapima au unakunywa?"

"Mpe na chapati basi, asije akaanguka!"

Wakacheka. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hawakuwa wabaya. Mwenzangu yeyote hapa angecheka nao na maziwa angepewa. Mimi niligeuka nikaondoka, huku masikio yanawaka moto. Na zile nyumba nne za mbele sikuzifikia kabisa.

Nilirudi kwa bibi. Ndoo yake ilikuwa bado imejaa. Nikajaza chupa tano, nikaandika namba za nyumba tano ambazo sikuingia.

"Mbona chupa nyingi hivyo, mjukuu wangu?"

"Za akiba, bibi."

Fomu nilizisaini mwenyewe nyuma ya nyumba ya shangazi. Moja kwa mkono wa kulia, nyingine kwa wa kushoto, ili zisifanane. Jioni dada akarudi, akahesabu, akanikumbatia. "Umekua," akasema. Siku ile niliandika kwenye daftari hili sentensi moja tu: Sijakua.

Majibu yalipotoka tulirudi Rujewa kuwapa watu. Dada anaamini kwamba ukichukua kitu cha mtu lazima umrudishie jibu. Ng'ombe wa bibi alikuwa mzima, kwa hiyo zile chupa zangu zote zilitoka safi. Tukafika kwa mama mmoja mwenye mtoto wa miaka miwili, nyumba mojawapo ya zile tano.

"Mimi siku hiyo nilikuwa shamba," mama akasema. "Nadhani baba yake ndiye aliyewapa. Kwa hiyo yetu hayana kitu?"

"Hatukukuta kitu, mama. Ila endeleeni kuchemsha."

"Afadhali! Huyu mtoto ukichemsha tu anakataa, anasema yana ngozi."

Nilimwona usoni. Neno la kuchemsha lilikuwa limempita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya dada, karibu kabisa, ningeweza kumvuta nguo. Sikumvuta.

Wiki kadhaa baadaye shangazi akapiga simu nyumbani kusalimia, na katikati ya salamu akasema yule mtoto anachemka, homa inakwenda inarudi, amemaliza dozi ya malaria na bado. Mama akasema pole, wakahamia habari za mpunga. Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Nikauacha.

Nilimpigia dada. Nikamwambia yote bila kupumua. Akaanza kuuliza.

"Ngapi?"

"Tano."

"Na saini?"

"Zangu."

"Mtoto kwanza," akasema, akakata. Alimtafuta shangazi, mtoto akapelekwa hospitali na maelezo sahihi, damu ikapimwa kumtafuta bakteria yule. Mtoto alikuwa naye. Akaanzishiwa dawa, wiki nyingi za dawa.

Baada ya hapo dada alikwenda kwa msimamizi wake akamweleza mwenyewe. Kuna wenzake walimwambia afute zile tano anyamaze. Msimamizi akasema, kama tano ni za uongo, nani ataapa kwa zilizobaki? Dada akarudia nyumba zote. Wenzake wakavaa majoho ya kuhitimu, yeye akiwa zizini Rujewa.

Nami nilikwenda naye. Alinipa sharti moja: zile nyumba tano napiga hodi mimi, na naeleza mimi. Kwa yule mama nililia kabla sijamaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo ulishindwa kusema hodi?"

"Ndiyo, mama."

"Hodi tu, mwanangu?"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikwenda kumkamua ng'ombe, akanipa chupa mkononi. Ile chupa ndiyo iliyokutwa na bakteria.

Mtoto amepona, anakimbia. Namshukuru mama yule, aliyenifungulia. Namshukuru shangazi, aliyempeleka mtoto hospitali siku ileile bila kuuliza kosa ni la nani. Na dada yangu, ambaye alipoteza mwaka na hajawahi kunitajia huo mwaka hata tukigombana.

Vijana wenzangu mlio wapole kama mimi, watu wanatusifu kwamba hatuna makuu. Mimi nilijificha humo. Aibu yangu ilikuwa ya dakika tano pale zizini, nikaikwepa, mtoto wa watu akailipia kwa homa. Ukishindwa kazi, sema umeshindwa siku hiyohiyo, hata kwa sauti ndogo. Ingetosha.

Mwezi ujao dada anatetea utafiti wake mbele ya walimu wake. Mtuombee, mimi na yeye. Nimemuuliza kama naweza kuja nikae nyuma nisikilize. Amesema atafikiria.