Neno Refu la Kifini

Viviane alikuwa kazini akiogesha wazee tangu asubuhi, na ndani ya basi la Chaussée de Wavre alitaka kusinzia tu. Lakini mbele yake walikaa Wakongo wawili wasiojuana, na watu wa aina hiyo hawamalizi vituo viwili bila ubishi.

"Wanaiita neuvontavelvollisuus," alisema mama mmoja, aliyewahi kuishi Ufini. "Iyo ni bureau ao ni ugonjwa?" aliuliza papa mwenye mfuko wa mihogo. "Ni sheria, papa. Muntu wa bureau ya serikali ni lazima akuongoze, hata kama umekosea mulango. Siku yangu ya kwanza niliingia bureau yenye haikuwa yangu, na mutoto ku mugongo. Ule mama hakunifukuza. Alinielezea yote, akapigia bureau ingine simu, wakaningojea. Mupaka leo ninamuombea."

"Bon, kama ni sheria, unamushukuru ya nini? Si analipwa?"

"Nilipita mu mabureau mingi, papa, kwenye watu wanalipwa na wananifukuza."

"Kazi ni kazi, maman. Hakuna merci!"

Viviane, ambaye hakukumbuka mara ya mwisho kushukuriwa, usingizi ulimruka.

Basi lilisimama, milango ikafunguka, ikafungwa. Hapo ndipo papa alipogutuka kwamba kituo ni chake, akagonga kioo kwa kiganja. Dereva akafungua tena.

"Merci, chauffeur! Merci mingi! Mungu akubariki!" alipaza sauti papa, akishuka na mihogo yake.

Viviane na yule mama hawakuthubutu kuangaliana, wasije wakaangua kicheko.