Upande wa Ndani

BATI: Haloo! Nani mwenzangu?

FENI: Shemeji yako.

BATI: Feni! Mbona sauti yako kama iko ndani ya pipa?

FENI: Karibu na hapo. Hujambo?

BATI: Sijambo. Dada yangu je?

FENI: Mzima. Uko wapi?

BATI: Chini, getini. Tumemaliza. Lile bomba kubwa la hewa limekaa, shemeji! Ungeliona linavyopita mbele ya—

FENI: Mbele ya mlango wa mashine ya kupoza hewa.

BATI: Mbele kidogo.

FENI: Nilikuomba uache nafasi. Fundi afungue mlango, abadilishe chujio, akaze mkanda wa feni.

BATI: Nikakujibu mchoro unasema pale pale! Usianze tena. Kwani mlango haufunguki?

FENI: Unafunguka upana wa ngumi.

BATI: Umejuaje?

FENI: Nimepima. Kwa upande wa ndani.

[mtandao unakwaruza]

BATI: Haloo? Upande wa nini?

FENI: Niko ndani ya mashine, Bati. Niliingia kukaza mkanda. Nyundo zenu zilipoanza, nikaita mpaka koo likakauka.

BATI: Salaale! Na mhandisi amepanda sasa hivi na mwenye jengo, wanakwenda kuiwasha!

FENI: Waache wapande. Swichi nimeipiga kufuli, ufunguo ninao.

BATI: ...Kufuli dogo? Lenye kutu?

FENI: Hilo hilo.

BATI: Shemeji...

FENI: Sema.

BATI: Tumelikata. Tulitaka umeme wa drili kwenye sanduku hilo la swichi. Tukadhani limesahauliwa.

FENI: Bati.

BATI: Naam.

FENI: Kimbia.

BATI: Nakimbia! Lifti mbovu— niko ngazini— usikate simu!

FENI: Sikati. Nasikia viatu huku. Mtu anacheka. Nimegonga, hawasikii, jenereta linanguruma. Ikitokea... mwambie dada yako—

BATI: Utamwambia mwenyewe! [anahema] Mhandisi! Mhandisi, ondoa mkono hapo! Usiguse!

FENI: Anasemaje?

BATI: Anauliza kuna nini.

FENI: Mjibu.

BATI: Mzee, bomba langu limeziba mlango. Nilionywa, nikabisha. Kuna mtu ndani... Ndiyo, mzee. Shemeji yangu.

FENI: Ameondoka kwenye swichi?

BATI: Amekaa chini. Mwenye jengo anampepea. Na kwenye swichi nimemweka mtu wangu, hatoki hapo. Feni, uko salama? Nipe mkono hapo penye upenyo.

FENI: Huu hapa.

BATI: Baridi hivi!

FENI: Wako una jasho.

BATI: Leteni msumeno! Nalikata.

FENI: Fungua skrubu tu, utaharibu kazi nzuri.

BATI: Nimesema nalikata. Rudi nyuma, funika macho.

FENI: Siwezi.

BATI: Kwa nini? Umenasa?

FENI: Hapana. Hujaniachia mkono.

BATI: Ngoja kidogo.

FENI: Haya. Lakini chaji inais—

[simu imekatika]