Kumuaga Mama Funguo, Mama Mkwe Aliyechukiwa Kila Jumanne

Tarehe 30 Juni, dada yetu tunayemwita sote Mama Funguo anarudisha kitambulisho chake cha kazi baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya michezo ya redio. Tunamshukuru Mungu amefika salama, maana kwa jinsi wasikilizaji walivyomchukia, kufika salama lilikuwa jambo la kuombewa.

Kwa wafanyakazi wageni, niseme kwanza kwamba hilo si jina lake. Ni jina la mama mkwe katika mchezo wetu wa Jumanne jioni, mwanamke anayetembea na kishada cha funguo kiunoni: ufunguo wa stoo, wa kabati la sukari, hata wa sanduku la sabuni. Mimi ndiye mpiga sauti za mchezo huo. Milango, vikombe, nyayo na mvua hutoka mikononi mwangu, na hizo funguo nimezitikisa mpaka mjukuu wangu akadhani ndicho nilichosomea.

Hakuja hapa kuigiza. Aliajiriwa kukaa mapokezi. Siku moja fundi bomba alitaka kupita na viatu vya matope, naye akamwomba avivue. Alimwomba kwa adabu kabisa, lakini ile sauti ilipenya milango miwili hadi studio, taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka. Mwongozaji wa wakati ule akatoka mbio. Tulidhani anakwenda kumfokea. Akampa karatasi, akasema, "Dada, hebu soma hapa kama ulivyomwambia yule fundi." Mapokezi hawakumwona tena.

Nje ya studio ni mtu asiyeweza kumfukuza hata kuku aliyeingia jikoni. Lakini nani angeamini? Sokoni muuza nyanya alimnyima nyanya: "Kachukue kwenye stoo yako uliyoifunga!" Zahanati, muuguzi alipomaliza kumchoma sindano alimnong'oneza, "Hiyo ni ya yule mkamwana unayemtesa." Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza kila Jumatano kama bado nakula meza moja na mwanamke yule. Mwenyewe alicheka tu. Alisema wakimchukia vizuri, basi kazi imefika.

Alicheka hivyo hadi mwaka jana, mambo yalipoingia nyumbani kwake.

Binti yake wa pekee alipata mchumba. Kijana ni fundi wa majokofu, mtaratibu, mwenye heshima zake. Mama wa kijana ni fundi cherehani, mjane kama dada yetu, na redio yake nadhani haijazimwa tangu inunuliwe. Alipoambiwa mchumba ni mtoto wa nani, mguu ulisimama juu ya cherehani.

"Mwanangu, wasichana wameisha? Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

"Mama, ule ni mchezo tu."

"Mchezo gani miaka yote hiyo? Mtu hawezi kutoa roho mbaya namna ile kama hana akiba nyumbani!"

Siku ya wazazi kutambulishana ikaahirishwa, eti cherehani imeharibika. Ikaahirishwa tena, eti goti linauma. Binti akawa anachezea chakula kwenye sahani. Dada yetu akaja kazini macho yamevimba, akamfuata mtunzi wetu, ambaye tunamwita Kalamu, akamwomba jambo ambalo hakuwahi kuliomba: Mama Funguo awe mwema.

Kalamu alimhurumia, akakubali. Jumanne iliyofuata Mama Funguo aliamka mtu mwingine. Alimkabidhi mkamwana wake funguo zote, akampikia, akamwomba radhi kwa machozi. Mimi nikazitundika funguo ukutani, nikasema Mungu amesikia.

Loo! Simu za studio hazikupumua. "Huyo mmemtoa wapi? Turudishieni wetu!" Mzee mmoja aliuliza ni ugonjwa gani, na kama unaambukiza, umfikie na mama mkwe wake. Wengine walimtahadharisha yule binti wa mchezoni: chai hiyo asiiguse kabisa, kuna kitu kimetiwa. Na fundi cherehani, kwa habari alizotuletea kijana, alisema, "Zamani nilimwogopa mdomo. Sasa ameanza kuchekacheka, ndiyo namwogopa kabisa."

Shule yangu ni fupi, lakini siku hiyo nilisoma. Mtu wa kwenye hadithi haaminiki kwa kupakwa asali. Wasikilizaji wanaujua wema wa ghafla. Wameshauona kwa jirani anayekuja kukopa. Tulikuwa tumemharibu mtu wao, na harusi tukaisogeza mbali zaidi.

Tukakaa chumba cha chai, mwongozaji, Kalamu, yeye na mimi. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kunywa. Kalamu akauliza, "Hivi dada, zile funguo anazing'ang'ania za nini?" Tukatazamana. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameuliza.

Dada yetu alizungusha kikombe chake, kisha akasema polepole kwamba ile siku ya kutambulishana ilipoahirishwa mara ya kwanza, kabla hajahuzunika, moyo wake ulitulia. Kidogo tu, kama mtu aliyetua mzigo. "Nilisema, alhamdu, bado nina mtu wa kula naye. Halafu nikamwangalia mwanangu anavyolia, nikaona haya mbele za Mungu."

Kalamu alichukua koti lake akaenda kuandika.

Katika kipindi kilichofuata funguo zilirudi kiunoni, na ule mdomo ukarudi mahali pake. Ila katikati palikuwa na kipande kifupi. Nyumba iko tupu, mkamwana katoka. Mama Funguo, akiwa peke yake, anafanya mazoezi: siku nyumba itakapokuwa si yake, ataombaje chai? "Mwanangu, kama mnakunywa, na mimi..." Anakataa. "Samahani, sukari ipo?" Anakataa tena. Kila akijaribu sauti inapungua, mpaka inakuwa sauti ya mgeni. Kisha mlango unalia, na papo hapo anamvaa binti wa watu kwa kuchelewa kurudi. Basi. Hakutenda jema hata moja, wala hakuomba radhi. Mlio wa mlango ule niliutoa mimi, na nusura nichelewe, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri.

Asubuhi yake fundi cherehani alifika nyumbani kwa dada yetu bila taarifa, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Hakusalimia.

"Jana ulikuwa unanisema mimi."

"Hapana, mama. Nilikuwa najisema mwenyewe."

Yule mama akatafuta kiti akakaa. Kumbe goti lilikuwa zima, na nyoka hakuwapo. Alikuwa na kijana mmoja tu, naye kijana anaondoka. Binti, aliyejificha jikoni akisikiliza, anasema walilia, wakacheka, wakasemana, na chai ikapoa mara mbili pasipo mtu kukumbuka kuinywa.

Ndoa ikafungwa. Tuliokuwapo tulishusha pumzi kama watu waliovuka mto. Hata aliyewafungisha, alipouliza kama kuna pingamizi, alimtazama Mama Funguo kwanza.

Waigizaji wachanga aliowalea hapa wanalijua neno lake. Ukimletea mtu wako kwenye karatasi, haulizi kama ni mwema au mbaya. Anauliza: anaogopa kupoteza nini? Ukishajibu, anakwambia, "Sasa mwache akosee, watu watamwelewa wenyewe." Na wasikilizaji waliohofu kwamba tutamuua Mama Funguo wa redioni watulie. Amehamia kwa dada yake, na tetesi ni kwamba huko nako ameshaulizia ufunguo wa stoo.

Dada yetu naye anahama. Vijana wake wanatarajia mtoto, na wamemtengea chumba, wamekipaka rangi. Yeye na fundi cherehani sasa wanagombea nani atamwogesha mjukuu wa kwanza, na ugomvi huo tumeamua kutouingilia. Wiki iliyopita alikwenda kukiona hicho chumba. Alisimama mlangoni pa nyumba ile na mkoba wake, akapiga hodi kwa ile sauti ndogo. Mkwewe akamjibu kutoka ndani, "Mama, nani anapiga hodi kwake?"

Asante, dada, kwa miaka yote uliyokubali kuchukiwa kwa niaba yetu. Mungu akupe afya na usingizi mtamu, akuoneshe wajukuu hadi uchanganye majina yao. Nenda ukapumzike kwako.