Cuthbert Dastani na Watoto wa Tarehe Thelathini na Moja

Ndugu waombolezaji, wakubwa zetu shikamooni, familia inawasomea maisha ya Baba yetu Cuthbert Dastani, kama yalivyoandikwa na bintiye Ida, na tarehe zote zimehakikiwa, maana yeye asingekubali vinginevyo.

Alizaliwa Chiwata tarehe 14 Juni 1951, akasoma hukohuko shule ya msingi, akahitimu ualimu wa hisabati mwaka 1974, akafundisha Newala na Masasi, na tarehe 9 Septemba 1978 akafunga ndoa na mama yetu Dorika, wakajaliwa Ida na Eliakimu.

Mwaka 1998, biashara binafsi zikiwa zimeruhusiwa, alifungua chumba cha kompyuta mjini Masasi, watu wakamtania kwamba mwalimu kanunua televisheni isiyoonyesha mpira, naye akacheka nao, hadi zahanati moja ya Mnyambe ilipompa kazi ya kutunza orodha ya watoto wa chanjo.

Ida alijifungua Witness tarehe 31 Machi 2004, saa tatu asubuhi, lakini siku ya chanjo nesi Julia wa zahanati hiyo alipekua orodha ya Machi mara mbili, Witness hayumo, na Ida, mzazi wa mara ya kwanza, aliyeshtuka hata mtoto akipiga chafya, akapanda gari hadi Masasi, mtoto mgongoni, akilia kwamba hayumo, Baba, hayumo kabisa, watamwacha mwanangu.

Baba akamwambia, Mama Witness, keti kwanza, kompyuta haina ugomvi na mjukuu wangu, akakagua, akakuta kosa ni lake mwenyewe, kwani aliiagiza ilete waliozaliwa kuanzia tarehe 1 hadi 31, nayo, kwa kuwa ilitunza kila tarehe pamoja na saa yake, ikakomea pale tarehe 31 inapoanza tu, saa sita kamili usiku, waliozaliwa baadaye siku hiyo wote wakabaki nje. Akaiagiza upya, kuanzia tarehe 1 Machi hadi kabla ya tarehe 1 Aprili, Witness akatokea, akarekebisha na miezi ya nyuma, wakatokea wengine kumi na mmoja, wote wa siku za mwisho wa mwezi, akawafuata kwa baiskeli nyumba kwa nyumba, akiomba radhi kwa kila mama, akarudi na korosho mfukoni na jogoo juu ya keria, na wote walichanjwa.

Januari 2005 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa Newala, akafariki Jumapili tarehe 31 Julai, saa nne usiku. Baba mkubwa Nikolao alitaka msalaba uandikwe tarehe 1 Agosti, kwa kuwa kwetu jua likishazama usiku ule ni wa Jumatatu, na Ida, ambaye hajawahi kubishana na mkubwa, akasema hapana, Baba mkubwa, samahani, siku ya mwisho nayo ni siku, Baba aliihesabu mpaka dakika yake ya mwisho, na Baba mkubwa akacheka, akasema iandikwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Masasi, walimu wenzake, nesi Julia, na akina mama wa wale watoto kumi na mmoja, ambao tunawaona hapa wote.

Pumzika kwa amani, Baba, tarehe 31 imo.