Kilio cha Saa ya Kukamua

Bwana asifiwe, watu wa Nyegina! Aliyenisimamisha hapa leo ni Mungu, maana miguu yangu ilishakataa.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye yule bibi mlikuwaga mnaficha watoto nikipita. Msiinamishe vichwa, nisikilizeni tu.

Mwanangu Magesa ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Nilimkamua mimi, asubuhi na jioni, huku namwimbia. Akapandishwa kwa mrija wa mbegu, bila dume, mimba ikashika, halafu ikatoka ikiwa changa. Ikasemwa ni jicho langu, kwamba mimi ni mchawi. Mwanangu mwenyewe, niliyemzaa! Akanikataza nisikanyage zizini. Huku kwetu mnajua bibi mwenye jina hilo anavyomalizwa. Nililala na viatu miguuni.

Akapandishwa tena. Wiki zikapita. Kila mkwe wangu akienda kukamua, ng'ombe analia, maziwa hayashuki. Magesa akasema mbegu imekataa, ameingia joto tena, analilia dume, akamwita mtaalamu wa kupandisha. Mrija ukaingia. Baadaye ikatoka damu, na kifuko kidogo ndani yake. Kumbe alikuwa na mimba! Nikasikia wanaume wanakusanyika uani. Nikasema, Yesu, nipokee.

Lakini Mungu ni mwema! Mtaalamu alikuwa amerudi kutazama ile damu, akamuuliza Magesa mbele yao wote, "Uliniambia ana joto. Ute wa joto uliuona ukimtoka?"

"Hapana. Alikuwa analia tu."

"Analiaga saa ngapi?"

"Saa ya kukamua. Tangu mama akatazwe."

Mtaalamu akasema ng'ombe hakuwa na joto, alikuwa anamtaka aliyemzoea, na mrija ule ndio ulioharibu mimba. "Na mimi sikumpima kwanza," akasema, "nilikuamini." Wanaume wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeniambia pole.

Sitawadanganya, ndugu zangu. Magesa bado hanitazami usoni, na ng'ombe hajashika mimba hadi leo. Moyo unauma. Lakini niko hai! Jioni ile nilichukua ndoo, nikaingia zizini, na ng'ombe akanyamaza.

Wewe unayesingiziwa, ambaye hata wa tumbo lako amekugeuka, mtumaini Bwana. Mimi nilikosa mtu wa kunitetea katika kijiji kizima, akanipa ng'ombe.