Mama Guse, Mwalimu wa Makumbusho ya Sayansi

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Guse, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954, kifungua mimba wa karani wa posta na mkunga. Utotoni mikono yake haikutulia. Aliifungua saa ya ukutani ya baba yake hadi skrubu ya mwisho, na alipoulizwa alijibu, "Nilitaka kuona muda unakaa wapi." Alichapwa, na saa haikutembea tena.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1976 akahitimu ualimu wa fizikia. Alifundisha miaka mitano. Alichoka kuchora mizani ubaoni kwa watoto ambao hawajawahi kuishika.

Mwaka 1981 aliajiriwa Makumbusho ya Sayansi. Enzi hizo kila chombo kilikuwa na kibao: TAFADHALI USIGUSE. Wiki yake ya kwanza alichukua brashi akaifuta "USI" kwenye kila kibao, vikabaki TAFADHALI GUSE. Mkurugenzi alikuja juu.

"Mwalimu mzima! Hicho ni Kiswahili gani?"

"Kile wanachokielewa watoto, bosi."

Vibao vilibaki, na jina likamganda. Wengi mliokusanyika hapa mlisimamishwa nywele na mashine yake ya umeme, mkapita ndani ya ule moyo mkubwa wa mbao mkisukumana. Mheshimiwa mwenyekiti wa halmashauri, aliyeketi safu ya mbele, naye ana yake: akiwa darasa la tatu aligoma kushuka kwenye kiti cha darubini, ikabidi aitwe mama yake mzazi.

Mashine hiyohiyo ya umeme ndiyo iliyomletea mume. Iliharibika, akaitwa fundi redio, kijana mwenye nywele nyingi na maneno machache. Alipomaliza, marehemu alimwambia aishike ajaribu kazi yake. Nywele zikasimama zote. "Dada, umenifanya nini?" aliuliza. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji yangu huyo bado anadai hajapata jibu la swali lile.

Marehemu alistaafu mwaka 2014, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa karatasi tu. Aliendelea kwenda kila Jumamosi kuwapokea wanafunzi, bila malipo.

Familia iliombwa kwa upole kuifupisha aya inayofuata. Familia imekataa, kwa upole.

Mwaka jana halmashauri iliyafunga Makumbusho kwa ukarabati wa paa. Hakuna fundi aliyeonekana, wala ndoo moja ya rangi. Baadaye tukasikia kwamba jengo litakuwa ukumbi wa kukodi. Marehemu aliwakusanya wanafunzi wake wa zamani: seremala, mchomeleaji, fundi umeme, mwashi. Wote walikubali kulitengeneza paa kwa mikono yao, na walichoomba ni ufunguo tu. Mama huyu, na magoti yake mabovu, alipigwa danadana kutoka ofisi hadi ofisi. Leo mkubwa ana kikao, kesho mkubwa yuko safarini. Kuna siku alimwona mkubwa huyo kupitia dirishani, akinywa chai.

Mvua zilipoanza, vyombo vilitolewa nje, vikarundikwa uani "kwa muda". Marehemu alikwenda na maturubai kuvifunika. Mumewe alimfuata.

"Mama watoto, utaugua kwa ajili ya vyuma?"

"Siyo vyuma hivyo. Shika upande huu."

Akashika. Kesho yake upepo ukayapeperusha, wakarudi tena. Ile mashine ya umeme aliifunika kwa koti lake mwenyewe la mvua, yeye akarudi nyumbani ameloa chapachapa. Homa ilianza jioni hiyo.

Alilazwa hospitali tarehe 6 Mei. Kila aliyeingia wodini aliulizwa jambo moja: "Wamefungua?" Binti yake mkubwa hakuweza kumdanganya. "Bado, mama." Marehemu akageukia ukutani. Alifariki tarehe 21 Mei 2023, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Daktari ameandika nimonia. Familia haina ugomvi na daktari.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake wa kiume anayewasomea wasifu huu, ambaye ameumia na ana hasira, na haoni sababu ya kuificha. Vyombo bado viko uani.

Salamu za rambirambi za halmashauri zinasema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Pengo la nyumbani kwetu ni kweli halizibiki. La mjini linazibika leo hii, mheshimiwa, kwa ufunguo ulio ofisini kwako.

Dada, wewe pumzika. Sisi tutapumzika mlango ukifunguliwa.