Historia ya Marehemu Kigoli, kwa Umri Wake wa Kweli

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi dada yake mkubwa niwasomee, nami nasoma macho yakiwa chini. Marehemu, ambaye wengi mlimwita Kigoli kwa jinsi alivyokuwa haonyeshi umri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa nne wa fundi viatu, naam, mmesikia sawasawa, ni mwaka wa sitini na tatu, siyo wa sabini na tatu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1978, akafundishwa cherehani na shangazi, na tangu 1981 alishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi, mteja akilalamika suruali inambana aliambiwa apunguze kula, kitambaa hakina kosa.

Tarehe 17 Desemba 1994 aliolewa na shemeji yetu fundi bomba, kijana wa miaka ishirini na sita, akamwambia yeye ana ishirini na mmoja, maana aliogopa wakwe waseme mtoto wao kaoa dada yake. Shemeji, utusamehe. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1995, 1998 na 2003.

Agosti 2019 alikutwa na homa ya ini aina ya B, ile sugu. Daktari hakumtoboa ini, alichukua damu tu, akaeleza kwamba majibu huyachanganya na umri wa mgonjwa ili akadirie makovu ya ini, kisha akauliza, mama, una miaka mingapi? Mume kakaa pembeni, mke akajibu arobaini na sita, na sisi dada zake tukakanyagana miguu chini ya benchi, tukibana kicheko. Hesabu ikatoka nzuri, maana umri mdogo huishusha, na kila mwaka alirudi na uongo uleule. Machi mwaka huu tumbo likajaa maji, ndipo tukasema ukweli, daktari akasema angejua mapema angempeleka kwenye mashine ya kupima ugumu wa ini, kama angepona hajui. Alifariki wodini tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, ambao hawakutugombeza, majirani, na mafundi wenzake wa kibarazani. Wanangu, nendeni mkapimwe, na mkiulizwa umri msione haya.

Pumzika, mdogo wangu, huko hakuna wa kukuuliza miaka.